Barua ya wazi: Fungueni geti la bandari ya Kalemie, mgeni aingie kwa risiti

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Tanganyika,
kwa Mkurugenzi Mkuu wa SNCC, shirika la taifa la reli, hapa Lubumbashi,
kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, kule Kinshasa,
na kwa kila mkubwa ambaye muhuri wake unahesabika kwenye geti la bandari ya Kalemie.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia hadharani, si kwa utovu wa adabu, ila kwa sababu barua za bahasha tunajua zinakolala.

Ombi langu ni moja. Bandari ya Kalemie, stesheni yake na viwanda vyake vya zamani vifunguliwe kwa wageni: siku zijulikane, bei ibandikwe ukutani, na karatasi ya ruhusa itolewe kwenye dirisha moja tu, kwa risiti. Siombi pesa za hazina, wala hoteli ya nyota tano, wala kongamano la utalii lenye kofia na tisheti.

Mimi ni mwongoza wageni, naishi komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nimekulia kambi ya reli, ile ambayo wazee wanaiita BCK, jina la kampuni ya reli ya ukoloni, mpaka leo, ingawa SNCC ipo tangu 1974. Wageni wangu si wa simba na tembo. Kuna mhandisi aliyemaliza mkataba mgodini na amebakiwa na wiki moja kabla ya ndege. Kuna wajukuu wa Wabelgiji waliozaliwa Élisabethville na Albertville, ndivyo Lubumbashi na Kalemie zilivyoitwa enzi za ukoloni, wanaotafuta nyumba ya babu na hawana ila picha moja iliyofifia. Kuna ndugu zetu wa Ulaya wanaorudi likizo na watoto ambao hawajawahi kumwona mjomba wala kupanda treni. Na kuna wapenda reli, ambao ni kabila la peke yao duniani: mtu anavuka bahari kuja kupiga picha kichwa cha treni kilichokufa miaka iliyopita, na anatoka pale machozi yakimlenga.

Nawapeleka Makumbusho ya Taifa, nawapeleka stesheni, nawaonyesha kwa mbali bomba la moshi la kampuni ya migodi, Gécamines, na terili, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba ambacho ni alama ya mji wetu. Jioni tunakaa mezani mbele ya bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki. Hapo swali halikosi: samaki huyu anatoka wapi? Hiyo ni mikebuka, nawaambia, imetoka ziwa Tanganyika, Kalemie. Basi tupeleke huko!

Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuniuma.

Mgeni ana viza halali ya nchi hii. Pasipoti yake imepigwa muhuri Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Amefika Kalemie kwa ndege, maana treni ya abiria inayopita Kamina na Kabalo ikitembea inatembea kwa kalenda yake yenyewe. Tunafika getini asubuhi. Kuna meza ya mbao, juu ya meza daftari la shule lililochorwa mistari kwa bic na rula, safu ya jina, safu ya uraia, safu ya «sababu». Mwenye daftari anaandika polepole, herufi moja moja, huku mwenzake akifunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa tupu. Akimaliza anasema sawa, lakini muoneni yule wa ofisi ya pili. Wa ofisi ya pili anataka barua ya mwaliko. Wa tatu anasema barua ya mwaliko haina maana bila barua nyingine kutoka Lubumbashi. Wa nne hana swali lolote, ana kiu tu. Pesa ya maji inatoka, matabishi (bakshishi) yanatoka, hakuna hata kipande cha karatasi kinachorudi mkononi mwangu, na bado picha ni marufuku. Kuna mama mmoja mstaafu niliyempeleka, alipiga picha ya mkokoteni wa magunia ya unga, tena nje ya ukuta, barabarani. Simu yake ilichukuliwa, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likainama.

Sitataja ofisi, kwa sababu shida si ofisi moja wala mtu mmoja. Yule kijana wa daftari alikuwa na adabu kunishinda. Shida ni kwamba hakuna aliyeandika popote kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, kwa hiyo kila mwenye kofia anatunga sheria yake papo hapo, na sheria ikitungwa papo hapo bei yake pia inatungwa papo hapo.

Tunaambiwa bandari na reli ni siri ya dola. Nakubali kuna vitu vya siri. Shehena ya jeshi ikishuka, mgeni hana kazi pale, na mimi mwenyewe nitamwondoa. Lakini gati lenyewe, krini, reli inayofika mpaka ukingoni mwa maji? Vitu hivyo setelaiti imeshavipiga picha, mtoto wa Kigoma anaviona kwenye simu yake bure. Anayezuiwa leo ni yule mwenye kuja kwa mguu, mwenye kununua samaki na kulala hotelini. Jasusi haji na mwongoza wageni wala haandikishi jina lake kwenye daftari.

Sasa niseme kwa nini mtu aende Kalemie, kwa sababu nahisi baadhi yenu mnadhani ni upuuzi. Mji wa kazi, mji wa vumbi na magunia, mbali na kila kitu, nani alipe kuuona?

Wanalipa kwa ajili ya hadithi, na hadithi kubwa kuliko zote za Kalemie inapita hapahapa Lubumbashi. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani ndio waliotamba ziwani. Reli yao ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Walikuwa na Kingani, walikuwa na Hedwig von Wissmann, na walikuwa wanaunganisha meli kubwa zaidi, Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa kwa masanduku kwa maelfu. Waingereza wakajibu kwa boti mbili za mbao, kila moja mita 12 tu, Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town zikapandishwa treni. Mwishoni mwa Julai 1915 zilikuwa Élisabethville, kwenye reli ileile ambayo wageni wangu wanasimama juu yake kupiga picha. Zikaendelea hadi Fungurume, na reli ikaishia hapo.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni zaidi ya kilomita 200, na milima ya Mitumba imekaa katikati. Hapakuwa na reli, na barabara ilibidi ichongwe. Boti zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke. Matrekta yaliposhindwa zikavutwa na ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa zikavutwa na watu kwa kamba. Madaraja ya miti zaidi ya mia yalijengwa. Matrekta yalikuwa na kiu isiyoisha, na kiangazi kilikuwa kimekausha vijito, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani wakabeba maji vichwani kuzinywesha mashine. Kutoka Sankisia kulikuwa na kipande cha reli hadi Bukama, kutoka Bukama zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na Kabalo zikapanda reli mpya ya kampuni ya CFL, kilomita 273, iliyofika ziwani mwaka huohuo. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikakamatwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Mwezi Juni ndege za maji za Wabelgiji zikaruka kutoka upande wetu kwenda kuipiga Kigoma. Mwezi Julai Wajerumani wakaizamisha Goetzen kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza walipaka mashine zake grisi, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba.

Huko Ulaya wanaisimulia kama kichekesho cha kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson, aliyevaa sketi na kujaa michoro mwilini, hata watu wa pwani wakambatiza Bwana Kifunga Tumbo. Sawa, tucheke. Lakini kamba zile zilishikwa na babu zetu, na maji yale yalibebwa na bibi zetu, na sijaona Fungurume, Bukama, Kabalo wala Kalemie kibao hata kimoja kinachomwambia mpita njia jambo hilo. Fungurume leo malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana juu ya ardhi hiyohiyo. Mgeni anapita kwenye dirisha la gari, mimi namwonyesha kidole: hapo, karibu na hapo. Basi.

Hebu fikirieni ziara inayoanzia stesheni ya Lubumbashi na kuishia gatini Kalemie, kwa njia ya zile boti. Kuna wageni walioniuliza habari hiyo kwa barua kabla hawajakanyaga Kongo. Sehemu moja ingekwenda kwa gari, sehemu moja kwa maji ya Lualaba, sehemu moja kwa treni. Reli ya Kamina na Kabalo iliyounganisha Katanga na ziwa ilifunguliwa mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo abiria wa kawaida alishuka Bukama akapanda bato (meli ya mtoni), akasafiri jinsi zile boti zilivyosafiri. Wazee wachache wanaokumbuka safari hizo bado wako hai hapa mjini. Si kwa muda mrefu.

Tazameni jirani. Liemba ni chuma kilekile cha vita vile, na watu wametoka mbali kuja Kigoma kuipanda na kuiandika. Ujiji wametunza mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wakaweka makumbusho, na mgeni anakata tiketi na anapewa mtu wa kumsimulia. Kutoka hapo anaambiwa habari za sokwe wa Gombe na Mahale. Anazungukazunguka pwani ya mashariki, anatazama jua likizama nyuma ya milima yetu, anauliza ng'ambo kule kuna nini, anajibiwa: kule ni Kongo. Anarudi Dar es Salaam. Vita ile ilipiganwa na pande mbili za ziwa, ila upande mmoja tu ndio unaouza tiketi.

Mkisema Kigoma ina sokwe na sisi hatuna, nitawapeleka mbali zaidi, mahali pasipo na sokwe wala kivuli. Kaskazini-magharibi mwa Australia kuna mji unaitwa Port Hedland. Kutoka Perth ni kama kilomita 1,600 kwa barabara. Ni joto, ni vumbi jekundu linalokaa kwenye kuta na nguo, ni marundo meupe ya chumvi, na treni za madini ya chuma zinazoingia kutoka bara. Mzigo unaopita bandari ile unazidi tani milioni 500 kwa mwaka, karibu wote ukiwa chuma. Mwaka 2001 kampuni ya BHP ilituma huko treni moja ya mabehewa 682, urefu wake zaidi ya kilomita 7. Mkisimamisha treni hiyo hapa, kichwa kikiwa stesheni, mkia sijui ungekuwa komini gani. Hakuna mtu aliyeujenga mji ule kwa ajili ya kustarehe. Hata hivyo kituo cha mabaharia kinawachukua wageni kwa boti kuwazungusha bandarini katikati ya meli hizo za chuma. Kuna ufuo ambapo kasa wanapanda kutaga mayai, mjini kabisa, karibu na makaburi. Na kati ya Machi na Oktoba, mwezi ukiwa mpevu na maji yamekupwa, watu wanakaa pwani kutazama mwanga wa mwezi ukijipanga juu ya matope ngazi kwa ngazi.

Yaani mji wa vumbi umeuza matope na mwezi, na bandari haikusimama hata siku moja.

Sisi upande wetu tunao usiku usio na mwezi. Mnaujua, Mheshimiwa Gavana, bila shaka unauona kutoka nyumbani kwako: wavuvi wa ndakala (dagaa) wanatoka jioni, mitumbwi miwilimiwili, na giza likishika wanawasha taa kuwaita samaki juu. Ukisimama kilimani unaona taa hizo zimetanda kwenye upeo wote wa ziwa, na mtu asiyejua anadhani kuna mji mwingine kule majini. Asubuhi, kwa kuwa Kalemie iko pwani ya magharibi, jua linatoka ziwani, na mitumbwi inarudi mbele yake. Mama wauza samaki wanakuwa wameshaingia majini hadi magotini na beseni zao za plastiki. Bei inakatwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga: mama mmoja ananyanyua vidole, mvuvi anatikisa kichwa, anaongeza kidole, beseni linamwagwa. Ndakala zingine bado zinaruka. Kufika saa mbili zimeshatandazwa mchangani na kwenye turubai, na harufu imeshapanda mjini. Mhandisi mmoja Mfaransa niliyempeleka hapo alisahau kabisa kwamba alikuja kuona krini.

Lakini krini pia aliitaka. Na Lukuga aliitaka, kwa sababu ni mto pekee unaotoa maji ya ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na kuyapeleka Lualaba na hatimaye baharini kule Banana. Mvumbuzi Mwingereza Cameron aliuona mwaka 1874, Wazungu wakabishana miaka kama kweli maji yanatoka au yanaingia. Mgeni anayetupa jani majini pale anajibu ubishi huo mwenyewe kwa dakika moja, na hakuna daftari la kuandikisha jina. Kwa sasa.

Filtisaf inataka maneno yake. Kiwanda kile cha kusokota na kufuma pamba kililisha familia za Kalemie kwa miaka mingi. Watu waliofanya kazi kwenye mitambo yake bado wapo. Ukikaa nao watakuambia king'ora kililia saa ngapi, zamu ya usiku ilikula nini, kitambaa gani kilipelekwa wapi. Siombi kiwanda kigeuzwe jumba la kifahari. Naomba mzee aliyekuwa fundi pale aruhusiwe kuingia na wageni wanane, awaonyeshe aliposimama, na alipwe kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo kwa mgodi wa makaa ya mawe wa Makala. Vyuma vinang'olewa kila mwaka na kuuzwa kwa kilo. Tukichelewa, hao wazee watakuwa wanaonyesha magugu.

Na kusini, kwenye pwani hiyohiyo, kuna Mpala. Mwanajeshi Mbelgiji Emile Storms alijenga ngome yake hapo mwaka 1883, na mwaka 1885 ikawa mikononi mwa Mapadri Weupe. Kati ya miaka hiyo miwili Storms alipigana na chifu Lusinga, Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji, ambako liko mpaka leo. Mwaka 2022 Brussels waliondoa sanamu ya Storms kwenye uwanja wao. Wao wameanza kuzungumza. Sisi ambao mambo yalitokea kwetu hatuna hata karatasi ya kurasa mbili ya kumpa mgeni wala mtoto wa shule. Hii isimuliwe na wazee wa Watabwa wenyewe, kwa masharti yao, na wakisema kuna mahali mgeni haingii, basi haingii. Sitaki kuona uchungu wa mtu unageuzwa bidhaa.

Najua mtasema: nchi iko vitani, wewe unaleta habari za matembezi. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na watu waliokimbia walivuka ziwa wakafika Kalemie na mabunda vichwani. Nina shangazi miongoni mwao. Siandiki kama mtu asiyejua. Ndiyo maana siwaombi mfungue barabara ya kwenda Bendera, kaskazini mwa Kalemie. Kule kwenye mto Kyimbi, kwenye mitambo ya umeme inayowasha Kalemie, wapiganaji wa Che Guevara walishambulia Juni 1965 wakashindwa, na wageni wangu wengi wangeuza shati waone pale. Nawaambia hapana. Barabara ile simpitishi mtoto wa mtu. Ila bandari, stesheni, Filtisaf na pwani ya mjini viko ndani ya mji wenye gavana na polisi. Na mji uliopokea watu wengi kiasi hicho unahitaji mtu anayekuja kununua, siyo tu anayekuja kugawa.

Kuhusu hatari ya majini sina mzaha. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama ikiwa imejaza watu na mizigo, wakafa zaidi ya 100. Tangu hapo tumesikia ahadi, na bado unaona mitumbwi ya mota inaondoka imekaa nusu mkono juu ya maji. Ziara ya wageni ianze na sharti gumu: majaketi ya kuokolea kwa kila kichwa, idadi iandikwe ubavuni kwa rangi, na upepo ukivuma safari inafutwa na pesa zinarudishwa. Wenye mitumbwi watakaokubali masharti hayo kwa ajili ya mgeni watakuwa nayo pia siku wanapobeba mama zetu. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya niandike.

Kuna jambo jingine la maji. Ziwa limepanda sana miaka hii, mwaka 2021 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba za pwani na kwenye maeneo ya bandari. Kuna atakayesema tusubiri hadi kila kitu kitengenezwe. Waheshimiwa, tukisubiri hivyo tutasubiri na wajukuu. Mgeni haogopi kuona gati lililolowa, anaogopa kuona mtu anamnyang'anya simu.

Sasa ninachopendekeza, kwa lugha ya kazi. SNCC ndiyo yenye bandari na reli, kwa hiyo SNCC iamue saa na njia: mstari wa rangi chini, kutoka getini hadi gatini hadi stesheni, mgeni asivuke mstari. Jimbo litoe kibao kikubwa getini, kwa Kiswahili na Kifaransa, chenye bei kwa franka, chenye orodha fupi ya vinavyokatazwa kupigwa picha, na chenye namba ya simu ya kupigia mtu akiombwa zaidi ya hapo. Ofisi zote zinazopenda kuona pasipoti zimtume mtu mmoja akae dirisha hilohilo. Hatukatai kukaguliwa, tunakataa kukaguliwa mara nne na kulipa mara tano. Wizara itoe kadi kwa waongoza wageni baada ya mtihani, na mimi niwe wa kwanza kufanya mtihani. Nikifeli nifeli. Pesa za tiketi zigawanywe wazi: fungu la bandari, fungu la mji kwa usafi wa pwani, fungu la wazee wa reli na wa viwanda wanaosimulia. Wanafunzi wa Kalemie waingie bure, siku yao iwe Jumatano, maana ni aibu mtoto kukulia mita mia mbili kutoka bandari asijue ndani kuna nini.

Mkurugenzi Mkuu, kwako nina neno dogo la ziada, kwa kuwa tuko mji mmoja. Hapa Lubumbashi karakana za reli zina vitu ambavyo makumbusho za nchi nyingine wangevifunika kwa kioo. Siku za wazi mara moja kwa mwaka hazitakugharimu zaidi ya mafagio na maji ya kunywa. Watoto wa kambi watakuja hata bila tangazo.

Kama yote haya ni mengi, tuanze na Jumamosi moja kwa mwezi, bandari ya Kalemie tu, wageni wasiozidi ishirini, kuanzia Juni, mvua zikiwa zimeisha, hadi Novemba. Waongoza wageni wa Lubumbashi tutakuja kwa nauli yetu kukaa mezani nanyi na kuandika hayo masharti, hata kesho. Mwishoni mwa Novemba hesabu ya risiti ibandikwe getini kila mtu aisome. Ikionekana ni hasara, fungeni, nami sitaandika tena.

Nasubiri jibu lenu, na lije hadharani kama barua hii.

Kwa heshima,

Mwongoza wageni, mtoto wa kambi ya reli
Komini ya Kenya, Lubumbashi